Jioni Dada Waya Alipokuwa Mteja

Mtaa wetu zamani ulikuwa wa karakana. Walikuwepo wachomeleaji, maseremala, mchapaji wa kadi na vitabu vya risiti, na fundi redio mmoja, baba wa huyu ninayetaka kumsimulia. Karakana zikafa moja moja, na ndani ya mabanda yale yale watu wa hapa hapa wakafungua baa. Mchoraji alifungua yake akatundika picha zake ukutani. Fundi cherehani alipanga meza sita katikati ya vyerehani vyake. Washairi walipewa jukwaa pale iliposimama mashine ya kuchapa. Mgeni wa mbali humkuti huku. Wanaokuja ni watu wa mjini humu, wanajuana, wanagombana na kupatana kabla chupa haijaisha. Mimi nina saluni katikati ya mtaa. Mchana nasuka, na jioni nikifunga mlango muziki umeshaanza kunijia kutoka pande zote.

Jina lake la kweli analijua mama yake na karani wa hospitali. Sisi tunamwita Dada Waya, kwa sababu hujawahi kumwona bila kipande cha waya: kama hakiko mkononi kiko mfukoni, na kama hakiko mfukoni kimemfunga nywele. Baba yake alimfundisha kulehemu kabla hajajua kusoma vizuri. Mzee alipofariki, kaka yake Waya aliondoa marundo ya redio mbovu, akaweka kaunta na jukwaa, akamwambia mdogo wake, "Wewe utashika mitambo." Wakati huo Waya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku ninayoisimulia alikuwa na arobaini na mmoja, na alikuwa angali amekaa pale pale, kwenye kijukwaa cha mbao kando ya spika kubwa ya kushoto, juu ya kiti kile kile kilichobadilishwa kitambaa tu.

Hakuolewa. Mtu mmoja aliwahi kumposa, mtu wa heshima zake, lakini kila akija kumtembelea alimkuta chini ya meza, tochi mdomoni, akitafuta waya uliokatika. Alizungumza na miguu yake kwa miezi mitatu, akachoka.

Usidhani hakutaka kuondoka. Lakini baba yao alikufa akiwa amewashika mikono wote wawili, akasema, "Msiachane." Neno moja tu. Mimi nadhani marehemu alimaanisha msigombane. Mama yao alilichukua kama wosia uliogongwa mhuri. Waya akitaja kazi ya mahali pengine, mama ananyoosha kidole juu, kama vile mzee anasikiliza darini. Na wote watatu walikuwa wakiishi vyumba vya juu ya baa. Ngazi kumi na nne zinakushusha kazini, ngazi kumi na nne zinakupandisha kitandani. Kuna wiki nzima hakukanyaga barabara.

Mimi nilianza kushuku nilipokuwa namsuka. Nikisimama kulia tunapiga soga mpaka machozi yanatutoka. Nikihamia kushoto ananyamaza. Kwanza nilimwona ana dharau. Siku moja nikamjaribu. Nilisimama kushoto, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mwenzangu, nywele zako zinaungua." Hakutikisika. Wateja wangu wawili walicheka. Mimi sikucheka.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, asubuhi ya Alhamisi. Walimweka katika kijichumba kama kabati, wakamvisha hedifoni, wakamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikuwa nje, nikimwona kupitia kioo, na kwenye mashine ya daktari kulikuwa na kitaa kinachowaka kila mlio unapotoka. Kitaa kinawaka, mkono uko mapajani. Kinawaka tena, mkono uko mapajani. Naye ametulia kabisa, anasubiri milio ianze.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alizungumza akimtazama usoni.

"Hili la kushoto limekwenda. La kulia linamfuata mwenzake. Unafanya kazi gani?"

"Mitambo ya muziki. Kwenye baa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi iache."

"Na nisipoacha?"

"Miaka mitatu. Ukiwa na bahati sana, minne."

Tulitembea mpaka njia panda. Pale akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akacheka peke yake. Kisha akafungua mkoba, akanionyesha bahasha. Chuo kimoja cha ufundi hapa jijini kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kutengeneza redio na vyombo vya umeme. Kazi ya mchana, darasani, mbali na spika. Fomu alikuwa ameibeba wiki tatu, hata kona zilikuwa zimeanza kukunjamana.

"Leo nitamwambia kaka," akasema. "Lakini kwanza nataka kutoka. Kama mteja. Nikae, niletewe kinywaji, nisikilize watu wakipiga muziki nikiwa bado nasikia. Miaka kumi na tisa nashika mitambo mtaa huu, sijawahi kukaa kwenye meza."

Kaka yake alipoombwa ruhusa alishangaa kwa moyo mweupe. Si mtu mbaya, tuelewane. Ni mnene, mcheshi, wateja wanampenda, na kila mwaka humnunulia mdogo wake zawadi, nayo huwa ni kifaa cha mitambo.

"Kutoka kwenda wapi?" akauliza. "Watu wanatoka kwao ili waje baa. Wewe umeamkia baa. Ushafika!" Akacheka. Halafu akaona hachekeshwi mtu. "Haya, nenda. Lakini saa nne uwe hapa. Leo bendi kubwa inakuja."

Basi saa moja jioni tukatoka. Alivaa gauni la kijani ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka, na viatu vilivyomfanya atembee kama anayekanyaga mayai. Taa za mtaa zilikuwa zimewaka, kuta za mabanda zina michoro mipya, watu wamejaa vibarazani, vijana wawili wanabishana juu ya ushairi kwa sauti ya wanaobishana juu ya mpira. Alikuwa akitazama huku na huku kama mtoto. "Kumbe ndivyo kulivyo saa hizi," akasema.

Tukaanza kwa mchoraji. Tulipata meza nzuri, chini ya picha ya mwanamke anayepiga mswaki. Tukaagiza. Kijana mmoja akapanda jukwaani kusoma shairi lake. Alipofungua kinywa tu, kipaza sauti kilipiga mluzi wa kutoboa, watu wakaziba masikio. Mchoraji akainua kichwa, akatafuta pa kukimbilia, macho yake yakatua kwenye meza yetu.

"Dada Waya! Mungu amekuleta!"

"Leo mimi ni mteja," Waya akasema.

"Dakika moja tu, dadangu. Nakuomba. Wewe ukiigusa tu inatii."

Akanitazama, akainuka. Ilikuwa ni kusogeza spika moja na kupunguza kitufe kimoja, lakini alipomaliza wakamletea na amplifaya ya zamani iliyokuwa inanguruma tangu mwezi uliopita, "maadamu upo." Aliporudi kinywaji chake kilikuwa kimepata joto na kijana alikuwa ameshashuka jukwaani. Watu walimpigia makofi. Yeye alisikia neno la mwisho tu, nalo lilikuwa "asanteni."

Tukahamia kwa washairi. Hapo hatukukaa hata dakika kumi. Mwenye baa alimwona mlangoni, akamkumbatia, na alipomaliza kumkumbatia Waya alikuwa ameshashika bisibisi. Tulipotoka nilimwambia, "Jifunze kusema hapana."

"Hapana," akasema, akijaribu. "Hapana, hapana. Unaona? Kwako inatoka."

Tukacheka pale barabarani, na nakumbuka nilifikiri usiku huu bado unaweza kuokoka.

Mahali pa tatu ni kwa fundi cherehani. Yeye hana mitambo, na anajivunia hivyo. Ana meza sita, vyerehani vyenye vitambaa vilivyokatizwa njiani, na kwenye kona mzee mmoja anayepiga gitaa kavu, bila waya wowote. Mzee huyo aliwahi kupiga kwenye baa ya kaka yake Waya miaka mingi, na gitaa lake Waya alikuwa akilijua kama anavyojua sauti ya mama yake. Tulikaa karibu naye kabisa. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyehitaji kitu. Aliletewa kinywaji cha baridi, akakishika kwa mikono miwili, akageuza sikio la kulia kuelekea gitaa, akafumba macho.

Mzee alikuwa anapiga wimbo wa polepole. Kuna mahali katika wimbo huo vidole vinapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, sauti inakuwa nyembamba kama uzi, watu huwa wanaacha kutafuna. Alipofika hapo, na watu wakaacha kutafuna, Waya akafumbua macho. Akatazama vidole vya mzee. Vilikuwa vinakwenda mbio. Akaniinamia.

"Anapiga, au ananyamazisha?"

"Anapiga."

"Zile nyembamba? Za juu?"

"Ndiyo. Anazipiga sasa hivi."

Aliendelea kutazama vidole. Wimbo ulipoisha watu wakapiga makofi, naye akapiga, nusu dakika nyuma ya wengine, na mzee akamwinulia kofia kwa furaha. Nilimwona anatabasamu kwa adabu kama mtu aliyepewa zawadi ya sanduku tupu mbele ya watu. Nilimsogezea sahani ya karanga, ndicho nilichoweza.

Simu yake ilikuwa mezani ikiwakawaka. Hakuisikia, nami sikumwambia. Mara ya nne nikaona aibu, nikamgusa. Kabla hajaipokea, mhudumu wa baa ya kaka yake alikuwa ameshafika mlangoni, anahema.

"Dada, kaka anakuita. Bendi imefika mapema. Spika ya kushoto imenyamaza na watu wamejaa mpaka barabarani."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Aliniambia saa nne."

Mhudumu akainua mabega. Nusu saa hiyo ilikuwa yake, ilikuwa halali yake, na nilimwona akiipima. Kisha akanywa kinywaji chote kwa mkupuo, akavua vile viatu, akatembea peku mpaka kwa kaka yake.

Baa ilikuwa imefurika. Watu walikuwa wamekaa hadi kwenye ngazi za kwenda kwa mama. Waya akapita chini ya mikono yao, akapiga magoti nyuma ya spika na gauni lake la kijani, na sijui hata alifanya nini, dakika mbili hazikuisha besi ikatutikisa vifua. Umati ukalipuka. Kaka yake akaja akamkumbatia kwa nyuma, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha.

Nadhani alichagua wakati ule kwa kuwa aliogopa kwamba kukikucha angenyamaza tena. Alimvuta kaka yake karibu, akamsemea sikioni.

"Kaka, nataka kukuambia kitu. Sisikii."

"Eeh?"

"Nimesema sisikii!"

"Hata mimi sisikii!" kaka yake akapiga kelele, akicheka. "Kelele nyingi! Kesho!"

"Kaka! Mimi sisikii!"

Kaka yake akamwonyesha dole gumba, akageuka kwenda kaunta.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu. Nilimwona akiangalia mgongo wa kaka yake ukipotea kwenye watu. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akateremsha swichi kuu.

Muziki, taa za jukwaa, majokofu, vyote vikafa pamoja. Ikabaki taa ya dharura juu ya mlango. Katika kimya kile, kwa sauti ya mtu asiyejua anapiga kelele kiasi gani, Dada Waya akasema:

"Kaka, nimekuwa kiziwi. Daktari amesema. La kushoto limekufa na la kulia linakufa. Ni spika hizi. Nataka kuondoka."

Halafu mtu mmoja huko nyuma akaanza kupiga makofi. Akajiunga wa pili. Mtaa wetu ndivyo ulivyo: watu wamezoea mtu kusimama gizani akasema jambo zito, na baada ya hapo kunapigwa makofi. Dakika moja haikupita baa nzima ilikuwa inamshangilia, wengine wamesimama, mwanamke mmoja anafuta machozi na kusema, "Huyu lazima tumpe jukwaa lake." Nilitaka kuwazaba vibao mmoja baada ya mwingine.

Kaka yake peke yake hakupiga makofi. Alikuja akamshika mkono, akamwingiza kwenye stoo ya makreti. Mimi nikaingia nyuma yao, hakuna aliyenizuia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka mitatu sasa. Labda minne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, kaka? Ukiwa macho kuna muziki, na ukiwa umelala kuna kimya."

Kaka akakaa juu ya kreti. Alishika kichwa. Kwa jinsi nilivyomwona, aliumia, na nilimwona pia akianza kufikiria umati ule nje, bendi, watu kumi na moja wanaokula kupitia mlango ule. Vyote viwili vilikuwa usoni mwake, kimoja kinamsukuma mwenzake.

"Baba alisema tusiachane," akasema mwishowe. "Nikikuacha uende, nitamwambia nini baba?"

"Baba amekufa. Mimi bado."

Juu ya vichwa vyetu fimbo ikagonga sakafu. Mara tatu. Ni mama, anauliza kwa nini muziki umenyamaza. Miaka yote hiyo hawezi kulala bila kelele, kimya kinamtia hofu. Kaka akapanda kwenda kumweleza. Hatukusikia maneno yake, tulisikia jibu la mama, maana mama ana sauti.

"Kiziwi? Mtoto wa fundi redio? Kachoka tu huyo! Mpeni wiki moja apumzike, na mtu amwangalie nta masikioni!"

Nje walikuwa wameanza kupiga meza. "Muziki! Muziki!" Mkuu wa bendi akachungulia stooni, akauliza kwa heshima kama kuna tatizo la umeme. Kaka akashuka ngazi, akasimama. Hakumwamuru. Ningependa niseme alimwamuru, ingekuwa rahisi kumchukia. Alimwangalia tu, kama mtu anayezama anavyomwangalia aliye ukingoni.

Dada Waya akatoka, akapandisha swichi. Akafanya kazi mpaka saa tisa usiku. Mimi nilikaa naye pale kijukwaani, masikio yangu yamezibwa kwa kitambaa, gauni lake limechafuka vumbi la spika. Mara moja tu alinigeukia. "Angalau sasa anajua," akasema.

Kilichofuata ni hiki. Fomu aliijaza. Nilikwenda naye kuipeleka ili asije akaigeuza njiani. Chuo kilimchukua, lakini kwa siku mbili tu za wiki, asubuhi. Wanafunzi wake wanampenda. Anawaambia tangu mwanzo wazungumze mmoja mmoja na wamtazame, na wanasema hakuna darasa lenye nidhamu kama lile. Kaka yake alitafuta fundi wa kumrithi. Alikuja wa kwanza, akachoma amplifaya. Wa pili aligombana na bendi. Wa tatu alikuwa mzuri, ila wateja walilalamika kwamba sauti "si ile," na mama akalalamika darini, na baada ya mwezi naye akaondoka. Kila mmoja akiondoka, Waya anaombwa ashike kwa muda. Huo muda sasa unakaribia miaka miwili. Kaka alimnunulia vile vifuniko vikubwa vya masikio wanavyovaa watu wanaovunja barabara. Anavivaa, anarekebisha sauti kwa kuangalia taa za mashine na kuweka kiganja juu ya spika. Wateja wapya wanadhani ni mtindo. Nimewaona wawili waliokuja na vyao.

Mwezi uliopita alifanya jambo moja ambalo hakumwomba mtu ruhusa. Alipanga chumba, mitaa mitatu kutoka baa. Mama alinuna siku nane. Kaka alibeba kitanda mwenyewe, kimya kimya, akarudi kufungua baa.

Jumapili alinialika nikione. Ni chumba kidogo, kina dirisha moja, meza, vyombo vyake vya kulehemu vimepangwa kwa saizi. Nilikaa kitandani. Akafunga mlango, akavua vile vifuniko vilivyokuwa shingoni, akasimama katikati.

"Niambie kweli," akasema. "Kuna utulivu?"

Nikasikiliza. Bomba la jirani lilikuwa linadondosha maji. Mtoto alikuwa analia ghorofa ya chini, anabembelezwa, analia tena. Na mbali, kutoka kule kwetu, mtu alikuwa anajaribu maiki: moja, mbili, moja, mbili. Nikamweleza vyote, kimoja kimoja, naye akitazama midomo yangu. Lile la maiki nikaliruka.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaangalia saa yake, akavaa viatu, akachukua bisibisi mezani, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na siku hiyo kulikuwa na bendi.